Mfumo hasi wa kibunge: jinsi Uswidi inavyopata waziri mkuu kwa kura 39 za ndiyo

Oktoba 1978 Bunge la Uswidi, Riksdag, lilimpigia kura Ola Ullsten wa chama cha kiliberali cha Folkpartiet. Waliosema ndiyo walikuwa 39. Waliosema hapana walikuwa 66. Ullsten akawa waziri mkuu, na hakuna aliyepiga kelele kwamba kura zimechakachuliwa. Wabunge 215 walijizuia, wengine 29 hawakuwepo, na kimya cha hao wote ndicho kilichomwingiza madarakani.

Utaratibu huo ndio unaoitwa mfumo hasi wa kibunge. Hasi hapa haina maana ya ubaya. Ni hasi ile ya darasa la hesabu. Katika mfumo chanya, serikali lazima ionyeshe kwamba wabunge walio wengi wanaitaka. Katika mfumo hasi inatosha wasipatikane wengi wanaoikataa. Tanzania, kwa mfano, iko upande wa chanya: Ibara ya 51 ya Katiba inataka uteuzi wa Waziri Mkuu uthibitishwe kwa kura za wabunge walio wengi. Ujerumani nayo inamchagua Kansela kwa mtindo huo. Uswidi, Denmark, Norwei na Aislandi ziko upande wa hasi. Ufini ilikuwa huko pia, ikahamia chanya kwa katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 2000.

Kwa Uswidi namba ya kushika ni 175. Riksdag ina viti 349, na nusu kupita ni 175. Wakifika 175 wa kusema hapana, mgombea ameanguka. Wakiwa 174, amepita, hata kama waliosema ndiyo ni wachache kuliko hao. Angalia vizuri kwamba nusu hiyo ni ya wabunge wote, siyo ya waliopiga kura. Anayejizuia, anayeugua kitandani na aliyekwama uwanja wa ndege wote wanahesabika sawasawa: hawakusema hapana, basi wamemsaidia mgombea. Hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Wanaona 39 dhidi ya 66 wanadhani ndiyo imeshindana na hapana, kumbe kura za ndiyo hazina kazi yoyote katika hesabu hiyo. Zingekuwa sifuri, matokeo yangekuwa yaleyale. Spika mwenyewe hapigi kura, lakini kiti chake hukaliwa na mbunge wa akiba kutoka chama chake, ili hesabu isipungue.

Hatua zenyewe ziko katika sura ya 6 ya Regeringsformen, sheria iliyo moyo wa katiba ya nchi hiyo. Waziri mkuu akijiuzulu au akiangushwa, Spika (siyo mfalme) huwaita wawakilishi wa kila chama chenye wabunge, hushauriana na manaibu wake watatu, kisha hutaja jina moja. Bunge hupiga kura ndani ya siku nne, na jina halipitii kamati yoyote. Likikataliwa, Spika anaanza mazungumzo upya. Ana nafasi nne. Zikiisha zote, nchi inakwenda kwenye uchaguzi wa ziada ndani ya miezi mitatu, isipokuwa kama uchaguzi wa kawaida tayari uko karibu kiasi hicho. Na uchaguzi wa ziada hausogezi kalenda: bunge linalopatikana humalizia tu muda uliobaki, na uchaguzi wa kawaida unafanyika Septemba ileile iliyopangwa. Ndiyo maana wanasiasa wa Uswidi huutaja sana uchaguzi wa ziada na karibu hawaufanyi. Gharama ni kamili, faida ni nusu.

Kwa nini wakatunga kanuni ya ajabu hivi? Jibu liko kwenye kura ya kutokuwa na imani, ambayo nayo inahitaji 175. Ukiziweka kura hizo mbili pamoja utaona ni mlango mmoja wenye pande mbili. Mtu anayekataliwa na 175 hakuna haja ya kumpa kiti, maana kesho yake wataungana wamtoe. Na mtu ambaye wapinzani hawafiki 175 hakuna sababu ya kumzuia, maana hata akiingia hawana nguvu za kumtoa. Mimi huona hii ndiyo sehemu nadhifu kuliko zote katika katiba yao, ingawa kwenye vyombo vya habari inaelezwa mara chache.

Kanuni hiyo haikushuka kutoka hewani. Chini ya katiba ya 1809 mfalme ndiye aliyeteua mawaziri, na hata karne ya ishirini ilipoanza bado alijiona na sauti. Februari 1914 wakulima wapatao 30,000 waliandamana hadi uani pa ikulu ya Stockholm, na mfalme Gustaf V akawahutubia akiunga mkono jeshi kubwa zaidi, kinyume na sera ya serikali yake mwenyewe. Waziri mkuu Karl Staaff akajiuzulu. Miaka mitatu baadaye, 1917, mfalme alilazimika kumkubali Nils Edén na serikali yake ya Waliberali na Wasoshalidemokrati, kwa kuwa ndio waliokuwa na Bunge. Tangu hapo mfumo wa kibunge ukawa desturi, lakini desturi isiyoandikwa: serikali inakaa mpaka Bunge liichoke, na hakuna kura ya kuikaribisha. Waliotunga katiba mpya ya 1974, iliyoanza kutumika 1 Januari 1975, walitaka Bunge litamke jambo bila kuua serikali za wachache, ambazo Uswidi ilikuwa imezizoea kwa miongo mingi. Kura hasi ikawapa vyote viwili. Hata namba 349 ina historia yake. Kabla ya 1976 viti vilikuwa 350, na uchaguzi wa 1973 ukazigawa kambi mbili sawasawa, 175 kwa 175. Hoja zilizofungana ziliamuliwa kwa kupiga kura ya bahati nasibu bungeni. Walipochoka, wakaondoa kiti kimoja.

Hebu tuone kimya kikifanya kazi. Mei 1981 Wamoderati, chama cha wahafidhina, walitoka kwenye serikali ya Thorbjörn Fälldin kwa ugomvi wa kodi. Fälldin akabaki na Chama cha Kati chenye viti 64 na Folkpartiet chenye 38. Kura ikaja: 102 ndiyo, 174 hapana, 62 wakajizuia. Hao 62 walikuwa Wamoderati walewale waliotoka. Hawakutaka kukaa naye, ila pia hawakutaka Olof Palme, kiongozi wa Wasoshalidemokrati, aingie. Mmoja wao tu angesema hapana, ingekuwa 175.

Kujizuia namna hiyo kuna bei, na bei yake ilionekana wazi baada ya uchaguzi wa 9 Septemba 2018. Hapa itabidi twende polepole. Wasoshalidemokrati walipata viti 100, Wamoderati 70, Wademokrati wa Uswidi (SD) 62, Chama cha Kati 31, Chama cha Mrengo wa Kushoto 28, Wakristo Demokrati 22, Waliberali 20 na Chama cha Kijani 16. Kambi ya kushoto ikawa na 144, muungano wa mrengo wa kulia wa kati 143, na katikati yao SD, chama cha wapinga uhamiaji ambacho wengine hawakutaka kukigusa. Kwanza Bunge lilimtoa waziri mkuu Stefan Löfven tarehe 25 Septemba, kwa kura 204 dhidi ya 142, kwenye kura ambayo sasa ni ya lazima baada ya kila uchaguzi wa Bunge kama waziri mkuu hajajiuzulu mwenyewe. Tarehe 14 Novemba Ulf Kristersson wa Wamoderati akaanguka kwa hapana 195. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Riksdag kukataa jina la Spika. Desemba 14 Löfven naye akapata hapana 200. Nafasi mbili kati ya nne zikawa zimekwenda.

Januari 2019 ukapatikana mkataba wa vipengele 73 kati ya Wasoshalidemokrati, Kijani, Chama cha Kati na Waliberali. Hivi viwili vya mwisho havikuingia serikalini. Viliahidi kujizuia ili vipewe sera zao. Mkataba huohuo ukasema waziwazi kwamba Mrengo wa Kushoto usiwe na ushawishi kwenye sera. Tatizo ni kwamba bila Mrengo wa Kushoto nao kujizuia, hapana zingepita 175. Kwa maneno mengine chama hicho kiliombwa kikae kimya huku kikitukanwa. Kilikubali, ila kiongozi wake Jonas Sjöstedt akachora mstari: mkiigusa sheria ya ajira au mkiingiza kodi za pango la nyumba zinazopangwa na soko, tunawaangusha. Tarehe 18 Januari kura ikawa 115 ndiyo, 153 hapana, 77 wakajizuia. Siku 131 tangu uchaguzi.

Mstari ule haukuwa wa mapambo. Kipengele cha 44 cha mkataba kilihusu wenye nyumba mpya kupanga kodi kwa uhuru zaidi. Juni 2021, Mrengo wa Kushoto, sasa chini ya Nooshi Dadgostar, ukasema imetosha. Lakini kuwasilisha hoja ya kutokuwa na imani kunahitaji saini za wabunge 35, na chama hakikuwa nazo. SD, mahasimu wao wa kufa na kupona, ndio walioiwasilisha. Tarehe 21 Juni kura 181 zikamwangusha Löfven, waziri mkuu wa kwanza wa Uswidi kutolewa kwa njia hiyo. Kisheria alikuwa na wiki moja ya kuchagua kati ya kujiuzulu na kuitisha uchaguzi wa ziada. Akajiuzulu, na tarehe 7 Julai Bunge lilelile likamrudisha: 116 ndiyo, 173 hapana, 60 wakajizuia. Kilichobadilika katikati? Waliberali walihamia upande wa hapana, Chama cha Kati kikaachana na kile kipengele cha kodi za nyumba, na Mrengo wa Kushoto ukarudi kwenye kimya chake.

Mahali mfumo unapovuja zaidi ni kwenye bajeti. Kura ya waziri mkuu inahesabu hapana dhidi ya wote, ila bajeti haiendi hivyo. Tangu mageuzi ya miaka ya 1990, mfumo mzima wa matumizi unapigiwa kura kama kifurushi kimoja: vifurushi vya vyama huchujwa mpaka vibaki viwili, na chenye kura nyingi kinashinda. Kwa hiyo mtu anaweza kuvumiliwa na Bunge asubuhi na kunyimwa fedha zake jioni. Hili siyo kisio. Tarehe 24 Novemba 2021 Magdalena Andersson, mrithi wa Löfven katika Wasoshalidemokrati, alipita kwa ndiyo 117 na hapana 174, kura moja tu chini ya ukuta. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekubaliana na Mrengo wa Kushoto kuhusu pensheni ili wajizuie. Chama cha Kati kikasema: waziri mkuu tunamwachia, bajeti iliyokaa na Mrengo wa Kushoto hatuiungi mkono. Bajeti ya Wamoderati, Wakristo Demokrati na SD ikashinda siku ileile. Kijani wakakataa kutawala kwa bajeti iliyoandikwa na SD, wakatoka serikalini, na Andersson akajiuzulu saa saba baada ya kuchaguliwa, kabla ya kukabidhiwa madaraka. Alijiuzulu kwa sababu ya desturi, siyo kifungu: chama kikitoka kwenye mseto, waziri mkuu hurudi kujaribiwa upya. Siku tano baadaye akapita kwa ndiyo 101, akaunda serikali ya chama kimoja chenye viti 100 kati ya 349, na bajeti ya wapinzani mkononi.

Löfven alikwisha kuuonja mtego huo Desemba 2014. SD walivunja mazoea ya kujizuia kwenye raundi ya mwisho, wakapigia bajeti ya mrengo wa kulia wa kati, nayo ikashinda 182 kwa 153. Akatangaza uchaguzi wa ziada, kisha vyama sita vikakubaliana tarehe 27 Desemba kwamba kambi kubwa ipitishiwe bajeti yake. Makubaliano yalitakiwa kudumu hadi 2022. Oktoba 2015 mkutano mkuu wa Wakristo Demokrati uliyakataa, yakafa.

Majirani ni wahasi zaidi ya Uswidi, kwa kuwa hawana hata hiyo kura ya kuanzia. Denmark, chini ya kifungu cha 15 cha katiba ya 1953, serikali inateuliwa na kuanza kazi. Ni juu ya Folketing, bunge la huko lenye viti 179, kukusanya wengi wa kuitoa. Norwei pia hakuna kura ya kuingia, na bunge lake, Stortinget, haliwezi kuvunjwa kabla ya muda wake, kwa hiyo mgogoro lazima utatuliwe na wabunge walewale. Mara ya mwisho serikali kuangushwa huko kwa kura ya kutokuwa na imani ni 1963, baada ya mlipuko wa mgodi wa Kings Bay huko Ny-Ålesund kuua watu 21. Waziri mkuu Einar Gerhardsen alitoka kwa 76 dhidi ya 74. Mrithi wake, John Lyng, alidumu siku 28.

Rudi Uswidi kwa mara ya mwisho. Juni 2022 hoja dhidi ya Waziri wa Sheria Morgan Johansson ilipata kura 174, ikaanguka kwa kukosa moja. Baada ya uchaguzi wa Septemba mwaka huo, Kristersson alikuja na serikali ya vyama vitatu vyenye viti 103 kwa jumla, na SD wenye 73 wakiwa nje lakini wamefungwa na mkataba wa ushirikiano na vyama hivyo, uitwao mkataba wa Tidö. Kura ya 17 Oktoba ikawa 176 ndiyo, 173 hapana. Hakuna aliyejizuia hata mmoja.