Ukijani si mavuno: picha za setilaiti na mashamba ya Tanga

Kuna shamba la mkonge, kati ya Muheza na Korogwe, ambalo sitalisahau katika kazi hii ya kuchunguza mashamba kwa picha za setilaiti. Kwenye picha ya setilaiti lilikuwa na vipande viwili. Kimoja kilikoza kijani, kingine kilipauka na kuonyesha wekundu wa udongo. Nikaandika kwenye daftari kwamba kile cha kijani ndicho kina afya. Kesho yake nikafika kwa miguu. Kipande cha kijani kilikuwa kimemezwa na nyasi, mkonge huuoni mpaka uzipangue kwa mikono. Kile kilichopauka kilikuwa kimepaliliwa vizuri, mistari imenyooka, majani yamekomaa yanangoja kukatwa. Msimamizi wa shamba aliitazama ile picha, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza kwanza."

Naeleza hili kwa sababu siku hizi picha za setilaiti zinafika hadi ofisi za kata, na watu wanazipokea kama ushahidi uliokamilika. Picha husema kweli, lakini husema sehemu tu.

Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti hupima vyote viwili. Chukua infraredi, toa mwekundu, kisha gawanya kwa jumla ya hivyo viwili: unapata namba kati ya -1 na 1. Maji kwa kawaida huangukia chini ya sifuri, udongo mtupu huwa juu ya sifuri kidogo, na msitu mnene kama wa Amani unaweza kufika 0.8. Hicho ndicho kipimo cha ukijani. Ila namba hiyo haijui jina la jani. Nyasi, mchungwa, muhogo, vyote kwake ni ukijani tu.

Mkonge ndio unaosumbua zaidi. Hupandwa kwa mistari yenye nafasi kubwa, hivyo shamba lililotunzwa huacha udongo wazi, na shamba lililotelekezwa hufunikwa na magugu. Kwa hiyo sisi hupenda picha za Januari na Februari, jua likiwa kali na nyasi zimekauka. Mkonge hustahimili ukame kwa sababu hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana, ukabaki kijani wakati majirani zake wamenyauka. Hapo ndipo unaanza kuuona peke yake.

Mahindi ya Handeni ni habari nyingine. Huko ukijani una maana ya moja kwa moja, mradi ulinganishe wiki hii na wiki kama hii ya miaka iliyopita. Shamba ambalo kila mwaka mwishoni mwa Aprili huwa limefunga majani, likiwa bado limepauka, linatuambia mvua imechelewa au mbegu haikuota, na linatuambia kabla ya mavuno, wakati halmashauri bado ina nafasi ya kujipanga. Tatizo ni kwamba masika, majira tunayoyahitaji zaidi, ndiyo yenye mawingu. Hapo tunatumia setilaiti za rada, ambazo mawimbi yake hupenya mawingu na kuona hata usiku. Kwa mpunga, kama ule wa Mombo, rada inafaa sana: jaruba lililojaa maji huonekana jeusi, na mpunga unapoinuka picha hupata mwanga siku baada ya siku.

Picha hizi nyingi hazilipiwi. Landsat, setilaiti za Marekani, zilianza kuruka mwaka 1972, na tangu 2008 kumbukumbu zake ni bure kwa yeyote. Kwa hiyo mashamba ya mkonge yaliyogeuka pori baada ya bei kuanguka tunaweza kuyafuatilia kwa miongo. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zilizoanza 2015, hupita kila baada ya siku tano hivi, na kila nukta ya picha yake ni mita 10 kwa 10. Ekari moja ina nukta kama 40. Zinaonekana nyingi, lakini ingia shamba la Muheza: mnazi juu, mchungwa chini yake, muhogo pembeni, vyote ndani ya nukta moja. Mkulima wa namna hiyo asikubali kuambiwa hali ya michungwa yake kwa picha peke yake.

Mfumo wa taarifa za kijiografia ndio unaoziweka picha hizi pamoja na ramani za udongo, mito, barabara na mipaka ya vijiji, tabaka juu ya tabaka, kila kitu mahali pake. Na mahali ndipo pana mtego. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa kuhesabia mahali duniani uitwao Arc 1960, simu zetu hutumia mwingine, WGS 84. Ukichanganya bila kubadilisha, nukta inahama takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kuhamisha shamba la mtu hadi kwa jirani, na ugomvi ukaanza pasipo na kosa la yeyote kati yao. Tena, picha haimpi mtu ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hatimiliki ya kimila hupitia kijijini, na mpaka hukubaliwa na majirani waliosimama juu ya mpaka wenyewe.

Kwa hiyo mtaalamu akija kijijini kwenu na ramani, muulizeni picha ilipigwa tarehe ngapi na kama kuna aliyefika shambani tangu siku hiyo. Kisha mwombeni aonyeshe kona iliyotofautiana na nyingine kwa rangi, mkaifuate pamoja naye kwa miguu, hata kama iko mbali na barabara.