Ng'ombe Anayeficha Maziwa: Oksitosini na Vipokezi Vyake

Msimu wa mvua ndefu uliopita, mfugaji mmoja wa Njoro aliniita nimwone mtamba wake wa Friziani aliyekuwa amezaa kwa mara ya kwanza siku nne kabla. Kiwele kilikuwa kimejaa hadi ngozi inang'aa, lakini kila alipokamuliwa alitoa vikombe viwili au vitatu, kisha basi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kutoa hukumu: “Daktari, huyu ananificha maziwa. Mdunge ile sindano.” Sindano aliyoitaka ni ya oksitosini, na kwa kuwa huombwa jambo hilo mara kwa mara huku Nakuru, naona ni vyema nieleze dawa hiyo hufanya nini hasa.

Oksitosini ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vya protini. Insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, ina asidi amino 51. Oksitosini ina 9 tu, na ya kwanza na ya sita, ambazo zote ni sisteini, hushikana kwa salfa na kufanya pete yenye mkia mfupi. Hutengenezwa na seli za neva katika hipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo wenyewe, kisha huteremshwa hadi upande wa nyuma wa tezi ya pituitari na kuhifadhiwa humo. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliiunda kwenye maabara mwaka 1953, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Ile ya ng'ombe na ile ya binadamu ni kitu kimoja, wala hazitofautiani hata kwa asidi amino moja, ndiyo maana dawa ninayobeba katika mkoba wangu ndiyo ile ile ambayo wakunga huwadunga akina mama ili kuzuia damu nyingi isitoke baada ya kujifungua. Haifai kunyweshwa, kwa sababu tumbo humeng'enya peptidi kama linavyomeng'enya nyama; na hata ikidungwa, hudumu katika damu kwa dakika chache tu.

Sasa tuje kwenye kiwele. Kwa kawaida kiasi cha asilimia 20 tu ya maziwa ya ng'ombe ndiyo hukaa katika tangi lililo juu ya chuchu, ambako mkono wa mkamuaji unaweza kuyafikia. Yaliyosalia yamebanwa ndani ya vifuko vidogo mno ambavyo havikamuliki kwa nguvu yoyote ile. Kila kifuko kimezungukwa na wavu wa seli zenye tabia ya misuli, na juu ya seli hizo ndipo vilipo vipokezi vya oksitosini, yaani protini zinazoipokea. Ndama anaponyonya, au mkamuaji anapoosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, neva hupeleka habari ubongoni, pituitari huachilia oksitosini, na baada ya dakika moja hivi vifuko hujikaza na maziwa hushuka. Peptidi yenyewe haiingii ndani ya seli. Hubisha hodi nje. Kipokezi, ambacho ni protini iliyopenya utando wa seli mara saba, hubadilika umbo inapokishika, kikaamsha protini nyingine upande wa ndani, nayo ikasababisha kalsiamu iliyokuwa imehifadhiwa kumwagika ndani ya seli. Kalsiamu hiyo ndiyo inayoikaza.

Kwa hiyo sehemu isiyo na vipokezi haisikii chochote, hata damu ikijaa oksitosini. Mfuko wa uzazi ni ushahidi mzuri. Katikati ya mimba vipokezi vyake ni vichache. Siku za kuzaa zinapokaribia, homoni ya projesteroni hupungua, ile ya estrojeni hupanda, na vipokezi huongezeka maradufu kwa maradufu. Ndama anaposukuma mlango wa kizazi, ubongo huachilia oksitosini zaidi, uchungu huzidi, naye husukumwa zaidi, hadi atoke. Kuna pia jamaa yake wa karibu, vasopresini, inayotofautiana nayo kwa asidi amino mbili tu, lakini kazi yake kuu ni kuzifanya figo zirudishe maji mwilini. Mfanano huo una hatari zake: oksitosini nyingi mno inaweza kushika kipokezi cha vasopresini, na mama aliye kwenye uchungu akabaki na maji kupita kiasi.

Nirudi Njoro. Nilikubali kumdunga mtamba yule mara moja, tena dozi ndogo, kwa nia ya kupima. Maziwa yalishuka upesi, ndoo ikajaa. Nikajua kuwa vipokezi vya kiwele ni vizima na kwamba kasoro iko juu: ubongo haukuwa ukiachilia oksitosini. Hali hii huwapata sana mitamba wanaokamuliwa mahali wasipopazoea, na hofu huongeza adrenalini ambayo hubana mishipa ya damu ya kiwele. Mfugaji alitaka dawa ya kutumia kila siku. Nilikataa, kwa kuwa kiwele kinachodungwa mfululizo huzoea dozi kubwa, kikaanza kuiitikia kwa shida oksitosini ya ng'ombe mwenyewe. Badala yake tulimfunga mbwa mbali, aliyemlisha tangu akiwa ndama ndiye akawa mkamuaji, na chakula chake akawa anawekewa pale pale anapokamuliwa. Siku ya sita mfugaji alinipigia simu kuniuliza bei ya mtungi mkubwa zaidi.