Eti gari la rimoti likiwa chuma kitupu ndo linadumu: dhana potofu za wanaotaka kuanza mbio za vumbi

Ndugu zangu wa nyumbani wanaotaka kuingia kwenye mbio za magari ya rimoti ya ofrodi karibu wote wananiuliza swali moja, lipi halivunjiki, na mi nawajibu hakuna. Nakimbiza haya magari huku Marekani kila Jumamosi, kwenye uwanja wa udongo wenye matuta ya kuruka, na bado sijaona gari lisilovunjika, liwe la bei mbaya au la bei poa. Gari linalodumu kwenye mbio ni lile linalokubali kupinda kidogo, likivunjika linavunjikia kwenye kipande cha bei rahisi, na unalirudisha uwanjani kabla raundi yako haijaitwa. Ukilielewa hilo utaokoa hela nyingi sana.

DHANA: Chuma kila mahali ndo uimara.

Hii imekula hela za watu kuliko zote. Mtu ananunua gari leo, kesho anaagiza mikono ya saspensheni, vile vipande vinavyounganisha tairi na chesisi, ya alumini, kila kitu kinang'aa bluu, anaona sasa kamaliza.

UKWELI: Mkono wa nailoni ukigonga kitu unapinda alafu unarudi ulivyokuwa. Wa alumini ukipinda umepinda, na usipopinda basi ile nguvu lazima iende mahali, inaingia ndani kwenye giyaboksi na chesisi. Mwaka jana nilifunga mikono ya mbele ya alumini, raundi ya pili nikakosea tuta nikavaa lile bomba la plastiki linalogawa njia za uwanja. Mkono ulibaki mzima kweli, ila pini ya chuma inayoushika ilipinda ndani kwa ndani haitoki hata kwa koleo, na kishikio kinachobeba pini kikapasuka hadi kwenye tundu la skrubu, ikabidi nifungue mbele yote na siku yangu ikaishia hapo. Jamaa wa meza ya pembeni aligonga bomba hilohilo, mkono wake wa nailoni ukakatika katikati, akafungua skrubu, akachomoa pini, akaweka mkono mwingine kutoka kwenye kimfuko, na raundi iliyofuata nilikuwa namwangalia akikimbia.

Na si mambo mapya haya. Kampuni ya Team Associated walipotoa gari lao la RC10 mwaka 1984 watu waliipenda kwa lile chesisi la alumini la rangi ya dhahabu, lakini angalia mikono yake, nailoni tupu, na ndo gari ambalo Jay Halsey alibebea ubingwa wa dunia wa klasi ya tairi mbili za kusukuma, Del Mar, California, 1985. Chuma kina mahali pake, kwenye shafti, kwenye giya za ndani ya difu (ile inayogawa nguvu ya mota kwa tairi za kushoto na kulia), kwenye pini. Mikono na bampa iachie plastiki nzuri. Wazoefu wengine wanachemsha mikono mipya ya nailoni kwenye sufuria kabla ya kuifunga, kwasababu nailoni ikinywa maji inakuwa na unyumbufu zaidi, na mi siku hizi nafanya hivo hasa baridi ikianza maana kwenye baridi plastiki inakatika kama biskuti.

DHANA: Giya kubwa ya plastiki, ile inayozungushwa na giya ndogo ya mota, ni ubahili wa kiwanda, weka ya chuma.

UKWELI: Ile giya imewekwa ili ife yenyewe badala ya kuua mota au difu. Inayokwisha haraka mara nyingi imefungwa vibaya tu. Chukua karatasi ya daftari, kata ukanda mwembamba, pitisha katikati ya giya ndogo ya mota na ile kubwa, bana, kaza skrubu za mota, alafu zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa mistari mistari bila kuchanika uko sawa. Na skrubu yoyote inayoingia kwenye chuma itie tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, la sivyo mtetemo utaifungua katikati ya mbio, hii naisema kila siku na kila siku naona mtu anaokota tairi yake.

DHANA: Lenye spidi kubwa zaidi ndo la kushindia.

UKWELI: Namba ya spidi iliyoandikwa kwenye boksi ni ya barabara iliyonyooka, na uwanja wa udongo hauna barabara iliyonyooka ya maana. Alafu spidi ikiwa mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne, sa we jiulize kipi kitabaki. Anza na betri ya seli mbili, volti 7.4, jifunze kumaliza dakika tano bila kupinduka, utashangaa unaowapita. Hela ya mota kali peleka kwenye tairi zinazoshika uwanja wako na mafuta ya shokapu yanayofaa.

DHANA: Kubwa ndo gumu.

UKWELI: Vipande vya gari la 1/8, yaani moja ya nane ya ukubwa wa gari halisi, ni vinene kweli, lakini bagi (gari la ofrodi lenye tairi zilizo wazi) ya 1/8 inayotumia injini ya mafuta kwenye mashindano ya dunia haitakiwi hata kuwa chini ya kilo 3.2, na uzito huo ukidondoka kutoka juu ya tuta unadondoka na kishindo chake, na spea zake bei iko juu. Kwa anayeanza mi napendekeza lori la 1/10 ambalo bodi inafunika tairi, kama Traxxas Slash iliyotoka 2008, kwasababu mkibanana kwenye kona tairi zenu hazinasani kirahisi. Ila kwanza uliza uwanja wako una klasi gani, usije ukanunua gari la kukimbia peke yako.

DHANA: Limeandikwa haliingii maji, basi naliosha kwa bomba la maji.

UKWELI: Kinacholindwa ni umeme. Beringi zinaoza kutu kama kawaida. Pangusa vumbi kwa brashi, likilowa likaushe na tia mafuta beringi siku hiyohiyo.

DHANA: La bei rahisi mtandaoni ni lilelile, jina tu tofauti.

UKWELI: Yapo ya bei rahisi mazuri, siyakatai. Ila kabla hujalipa tafuta bei ya mkono wa mbele, giya kubwa, na kikombe cha difu, alafu angalia vipo au vimeisha. Kama uko Mwanza au Mombasa na kipande kinatoka China wiki kadhaa, agiza mikono ya mbele jozi mbili na giya moja pamoja na gari lenyewe, kwenye boksi hilohilo. Kama muuzaji hana mkono wa mbele wa kuuza, gari hilo liache, hata kama picha inakuvutia vipi.