Mkrismasi usiochanua hauna kiu
Wapo wanaoamini kwamba mkrismasi, ule mti wa kivuli wenye maua mekundu, usipochanua una kiu. Basi humwagiwa maji kila jioni na kulundikiwa samadi. Hapo ndipo unapoharibiwa: maji mengi na naitrojeni nyingi, kirutubisho kilichomo kwenye samadi, huukuza majani, si maua. Asili yake ni Madagaska, kwenye misitu yenye kiangazi kirefu, na ukavu ndio huuandaa kuchanua. Tena, uliooteshwa kwa mbegu huweza kukaa miaka 5 hadi 10 bila ua hata moja. Huo ni umri tu, si ugonjwa. Mwagilia mche miaka 2 ya mwanzo, kisha uache. Tafadhali, upande mita 10 kutoka ukutani, maana mizizi yake hutambaa juujuu na kupasua sakafu.