Ua la Usambara halifi kwa kiu

Mteja akinirudishia kopo la ua la Usambara lililolegea, siulizi kitu. Nachomeka kidole kwenye udongo. Mara nyingi umelowa chepechepe, na nikivuta kidogo tu, shina nabaki nalo mkononi, mizizi imeozea koponi.

Huku milimani ua hili huota kwenye majabali yenye kivuli, mara nyingi karibu na vijito, mizizi ikishikilia mboji kidogo ndani ya ufa. Hewa ina unyevu, lakini maji hayatuami. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Leo kuna wenzetu wanaolinunua wakidhani ni ua la Ulaya!

Kulizidisha ni kazi ya jani moja. Chagua jani lililokomaa, si zee la chini wala changa la katikati. Kata kikonyo mshazari kwa wembe safi, kibaki kama sentimita 3, uache kidonda kikauke kidogo. Mimi huchanganya mchanga wa mtoni uliooshwa na mboji iliyochekechwa, nusu kwa nusu. Kikonyo kizame sentimita 1 tu. Nilipoanza nilikuwa nazamisha mpaka shingoni, na nikaozesha trei nzima. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka penye mwanga usio wa jua kali.

Baada ya miezi miwili hivi utaona vijani kama masikio ya panya vikichungulia chini ya kikonyo. Mkono usiwashe! Vikifikia theluthi ya jani mama ndipo utenganishe. Hupati pungufu ya miche miwili mitatu.

Maji mpe kwa sahani chini ya kopo, dakika ishirini, kisha mwaga yaliyobaki. Maji baridi yakidondokea jani huacha madoa yasiyofutika.

Jani la kuanzia omba kwa jirani. La msituni liache. Aina nyingine zina makao madogo mno, kama ile ya Taita, kwenye kilima cha Mbololo.

Na yale yenye maua ya mistari, usijisumbue na jani, chukua chipukizi la pembeni. Niliwahi kumwahidi mama mmoja miche kumi ya mistari. Yote ilichanua zambarau tupu. Alichukua miwili, nadhani kwa kunionea huruma.