Kwa nini sauti ya mama kwenye simu humtuliza mtoto kuliko meseji yake?

Andika neno "pole" kwenye simu: herufi nne, basi. Sasa mwambie mtoto aliyeanguka akachubuka goti. Litavutika, litashuka, litakuwa "pooole mwanangu", na kabla hujalimaliza kilio kimeanza kupungua. Tofauti ya pole hizo mbili iliwahi kupimwa maabara, na kilichopimwa ni mate na mkojo.

Mwaka 2010 Leslie Seltzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, waliwachukua wasichana 61 wa miaka 7 hadi 12 na kuwatia wasiwasi kwa makusudi: simama mbele ya watu usiowajua, toa hotuba, kisha fanya hesabu kwa sauti. Hata mtu mzima angetokwa jasho, seuze mtoto. Kotisoli, homoni inayopanda mtu anapobanwa na hofu, ikapanda. Baada ya hapo baadhi yao walikumbatiwa na mama zao, wengine wakazungumza na mama kwa simu tu, na waliobaki wakawekewa filamu ya kawaida. Waliokumbatiwa walitulia, hilo bibi yeyote angekuambia bure. Lakini waliozungumza kwa simu nao kotisoli yao ilishuka, na oksitosini, homoni inayohusishwa na upendo na kuaminiana, ikapanda karibu sawa na ya wale waliokumbatiwa.

Mwaka 2012 watafiti hao walileta kundi jipya: wasichana walioandikiana na mama kwa kompyuta. Mama alikuwa upande wa pili, akijibu papo hapo. Oksitosini haikupanda, na kotisoli ilibaki juu kama ya wasichana ambao hawakuwasiliana na mtu yeyote.

Sauti ya mama ni kitu ambacho mtoto amekizoea tangu tumboni. Utafiti wa DeCasper na Fifer wa mwaka 1980 ulionyesha kuwa watoto wasiofikisha hata siku tatu duniani hubadilisha namna wanavyonyonya chuchu bandia ili wasikilizishwe sauti ya mama badala ya ya mwanamke mwingine. Kusoma kunakuja miaka mingi baadaye, tena kwa kufundishwa.

Halafu kuna kiimbo. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua hili kuliko wengi, kwa sababu "umekula" ya kuuliza na "umekula" ya kuarifu hazitofautiani hata kwa herufi moja. Sauti ndiyo inayozitenga. Ongeza "umekula" ya mama mwenye hasira aliyekuta sufuria tupu. Kwenye meseji zote tatu ni neno lile lile, na alama ya kuuliza watu wengi hawaiweki.

Mtoto hujifunza kuzitambua hisia za wenzake kwa kuzisikia na kuziona mara elfu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), waliwapima wanafunzi wa darasa la sita waliokaa kambini siku 5 bila simu wala televisheni. Baada ya siku hizo, uwezo wao wa kuzitambua hisia kwenye nyuso za watu ulikuwa umeongezeka zaidi kuliko wa wenzao walioendelea na skrini zao kama kawaida. Mimi nadhani kambi yenyewe, na kucheza pamoja kutwa, ilichangia pia. Kuondoa simu peke yake kusingefika mbali.

Wala simu si adui hapa. Mama anayefanya kazi Muscat au Riyadh, mwanawe akiwa kwa bibi, hana njia nyingine. Ila kama ana dakika tano tu za kupumzika, utafiti ule unampa sababu ya kupiga badala ya kuandika.

Wanaosoma bweni wameligundua hili bila maabara. Wanapanga foleni kwenye simu ya matroni, kila mmoja dakika mbili. Mtoto anasema "shikamoo mama", hajaongeza neno, na badala ya "marahaba" anasikia: "Una nini wewe?"