Siku mbili za Yohana 11: yasemwayo matangani na yaliyoandikwa

Huku Busia, upande wa Uganda, ni nadra nikae matanga bila kusikia habari za Lazaro, mtu wa Bethania ambaye Yesu alimfufua. Mhubiri husimama chini ya turubai, hufungua Yohana 11, na muda si mrefu tunaambiwa kwamba Yesu alikawia siku mbili makusudi ili rafiki yake afe kwanza. Watu huitika amina. Mimi huanza kuhesabu kwa vidole.

Yesu alikuwa ng'ambo ya Yordani (10:40). Tukifuata mapokeo ya kale, mahali hapo ni upande wa Yeriko, na kutoka huko hadi Bethania ni mwendo wa kama siku nzima kwa miguu, tena wa kupanda tu, maana bonde la Yordani liko chini ya usawa wa bahari. Sasa hesabu: mjumbe aliyetumwa na Martha na Mariamu, dada zake Lazaro, siku moja, Yesu kukaa siku mbili, safari yake siku moja. Jumla nne. Alipofika, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini (11:17), na desturi ya Wayahudi ilikuwa kuzika siku ile ile. Yaelekea basi mgonjwa alikata roho mjumbe akiwa bado njiani. Hata Yesu angeondoka saa ile ile, angekuta kaburi la siku mbili. Wapo wanaoliweka eneo lile mbali zaidi kaskazini, na hao hesabu yao ni nyingine, lakini wa matangani hawahesabu kabisa.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Vijana wetu waliookota Kiswahili sokoni na kwenye foleni ya malori huuliza, hawezi nini? Ni Kiswahili cha pwani hicho. Hawezi maana yake ni mgonjwa.

Wengine husema Yesu alikawia kwa kuogopa kupigwa mawe na Wayahudi. Walioogopa ni wanafunzi (11:8), yeye alikwenda. Wengine wanasema hakujali. Mstari wa 5 unasema aliwapenda wote watatu, kisha wa 6 unaanza na "Basi", naye akakaa. Tungetarajia "Lakini". Yohana hakuliandika, na sijasikia mhubiri akisimama hapo hata kidogo.

Linaloniudhi zaidi ni lile la kwamba anayengoja kwa imani hunyamaza, wengine hata kuwaambia wagonjwa waache dawa. Dada hawa walituma mtu mapema. Yesu alipofika, Martha alimwambia kama angalikuwapo ndugu yake hangalikufa, na Mariamu akarudia yale yale (11:21, 32). Hakuna aliyekemewa kwa lawama hiyo. Yesu naye akalia machozi.

"Biblia inasema subira huvuta heri"? Haisemi. Hiyo ni methali yetu. Anayetaka andiko la kungoja aende Habakuki 2:3: "ijapokawia, ingojee."

Na Lazaro huyu si yule maskini wa Luka 16 mwenye vidonda. Wala hakufufuka asife tena. Muda mfupi baadaye wakuu wa makuhani walishauriana wamwue yeye naye (12:10), kwa kuwa watu walikuwa wakifika Bethania kumtazama.